Nyeusi Isiyo Giza: Maana ya Rangi katika Sanaa ya Watu Weusi wa Ughaibuni

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapokutana na rangi katika shairi au riwaya, aghalabu huifasiri kwa haraka. Nyekundu huwa damu au mapenzi, nyeupe huwa usafi au amani, kijani huwa rutuba, nayo nyeusi huwa huzuni, kifo au uovu. Orodha hii hukaririwa tangu shule ya upili, na ina manufaa yake katika chumba cha mtihani. Hata hivyo, inapopelekwa kwenye sanaa ya watu weusi waliotawanywa na biashara ya utumwa na uhamaji uliofuata, huko Marekani, Karibiani, Brazili na Ulaya, orodha hiyo hukwama katika neno lake la mwisho. Msanii ambaye ngozi yake mwenyewe imeitwa nyeusi hawezi kuipokea nyeusi kuwa jina jingine la uovu. Ama ataikwepa rangi hiyo, ama ataipokonya maana iliyobandikwa na kuipa nyingine.

Makala haya yanachunguza namna wasanii hao walivyoshughulikia rangi. Yanadai kwamba maana ya rangi katika sanaa hii haikurithiwa nzima kutoka Afrika, wala haimo ndani ya rangi yenyewe. Ilijengwa kwa majibizano: kila rangi hujibu jambo lililokwisha kusemwa au kutendwa. Nafasi kubwa zaidi imepewa nyeusi, kwa kuwa ndiyo yenye mgogoro mkubwa zaidi. Baadaye zinatazamwa rangi tatu za bendera ya Marcus Garvey, buluu ya nili, na hatimaye kazi ya msanii mzaliwa wa Zanzibar ambaye leso imekuwa mojawapo ya nyenzo zake.

Rangi katika lugha na katika ibada

Kiswahili chenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Vivumishi halisi vya rangi katika lugha hii ni vitatu tu, yaani -eusi, -eupe na -ekundu. Hivi ndivyo vinavyochukua viambishi vya upatanisho. Rangi nyingine huazima majina ya vitu: kijani kutokana na majani, manjano kutokana na bizari, kijivu kutokana na jivu, zambarau kutokana na tunda, kahawia kutokana na kahawa, samawati kutokana na mbingu kwa njia ya Kiarabu. Msemaji anapozitaja rangi hizi, amekwisha kuutaja ulimwengu unaomzunguka, hata asipofahamu hivyo.

Lugha hiyohiyo haina msimamo mmoja kuhusu ngozi. Mtu huitwa mweupe ilhali hana hata babu mmoja aliyetoka Ulaya. Mwenziwe huitwa maji ya kunde. Wa tatu huitwa mweusi tititi, na sifa hiyo yaweza kuwa ya mapenzi au ya kejeli kutegemea anayeitamka. Wakati uo huo, mwenye nia safi husifiwa kuwa ana moyo mweupe. Mivutano ya namna hii haikuletwa yote na wakoloni, na mhakiki wa Kiswahili hana budi kuikumbuka kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Mgawanyo wa rangi katika makundi matatu unapatikana pia miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria na Benini. Kwao, funfun hukusanya nyeupe na rangi ya fedha. Pupa hukusanya nyekundu, rangi ya chungwa na manjano. Dudu hukusanya nyeusi, buluu na rangi nyingine zilizokoza. Mgawanyo huu ulivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Katika mji wa Salvador, Brazili, waumini wa dini ya Candomblé huvaa nyeupe siku ya Ijumaa kwa heshima ya Oxalá. Mchongaji na mchoraji Rubem Valentim, aliyezaliwa katika mji huo mnamo 1922, aliitumia nyeupe hiyo katika kundi la sanamu alilolitoa kwa Oxalá na kulionyesha São Paulo mwaka wa 1977. Asiyeifahamu Ijumaa ya Salvador angeziona sanamu hizo kuwa zoezi la maumbo tu.

Hapa ndipo baadhi ya wahakiki husimama na kutangaza kwamba kila kitu kimetoka Afrika. Mambo hayakuwa sahili kiasi hicho. Katika nchi ya Wayoruba, Yemoja huhusishwa na mto Ogun. Huko Kuba, akiitwa Yemayá, amekuwa mwenye bahari, shanga zake ni za buluu na nyeupe, na waumini humfananisha na Bikira Maria wa Regla ambaye vazi lake ni la buluu. Rangi hiyo ina asili mbili au tatu kwa pamoja, na bahari iliyowapitisha mababu katika mashua za utumwa ni mojawapo.

Nyeusi

Mwaka wa 1963 kikundi cha wachoraji weusi kiliundwa mjini New York kwa jina la Spiral. Romare Bearden, Norman Lewis, Hale Woodruff na Charles Alston walikuwa miongoni mwao. Swali lililowakutanisha lilikuwa zito: je, mchoraji mweusi ana wajibu gani wakati watu wake wanaandamana kudai haki za kiraia? Hawakuafikiana. Walipofanya maonyesho mwaka wa 1965, walikubaliana jambo moja tu, kwamba kazi zote ziwe za nyeusi na nyeupe. Uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa na wa kisiasa kwa wakati mmoja, na pengine ndiyo sababu uliwezekana. Kila mmoja angeweza kuueleza apendavyo.

Faith Ringgold (1930–2024) alikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1967 alianza mfululizo wa picha ambamo aliacha kuitumia nyeupe kung'arisha rangi zake. Ili kuelewa uzito wa hatua hii, inafaa kukumbuka jinsi uchoraji wa Ulaya ulivyofundishwa kwa karne nyingi. Mwili hutokezwa kwa nuru. Nuru hupatikana kwa kuongeza nyeupe. Penye kivuli huongezwa rangi za giza. Kwa utaratibu huo, ngozi nyeusi huwa tatizo la kiufundi, mahali ambapo nuru imepungua. Ringgold alizitofautisha rangi zilizokoza kwa rangi nyingine zilizokoza, mpaka sura zikaonekana bila kuangaziwa na weupe wowote. Picha hizo humtaka mtazamaji asubiri macho yazoee.

Kikundi cha AfriCOBRA, kilichoanzishwa Chicago mwaka wa 1968, kilichagua njia iliyo kinyume. Waanzilishi wake, wakiwemo Jeff Donaldson, Barbara Jones-Hogu, Gerald Williams, na Wadsworth Jarrell pamoja na mkewe Jae Jarrell, walipendelea rangi kali zinazowaka. Walizifananisha na rangi za Kool-Aid, kinywaji cha unga cha bei nafuu kilichokuwa katika nyumba nyingi za watu weusi. Ulinganisho huo si wa mzaha. Kipimo cha uzuri kilitolewa katika majumba ya makumbusho kikawekwa jikoni. Wadsworth Jarrell alipomchora Angela Davis katika miaka ya mwanzo ya 1970, aliujenga uso na mwili wake kwa herufi na maneno yenye rangi hizo, hata ikawa vigumu kutenga picha na hotuba.

Aliyeishughulikia nyeusi kwa uvumilivu kuliko wote ni Kerry James Marshall. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka wa 1955, akahamia Los Angeles na familia yake mwaka wa 1963. Mnamo 1980 alichora picha ndogo kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Ndani yake yumo mtu mweusi aliyevaa kofia nyeusi mbele ya ukuta uliokaribia kuwa mweusi. Kinachoonekana upesi ni weupe wa macho, weupe wa shati na meno yenye pengo. Mtu huyo yupo na hayupo. Marshall alikuwa amesoma riwaya ya Ralph Ellison ya mwaka wa 1952 kuhusu mtu asiyeonekana, na picha hiyo ni jibu lake: aliyekataliwa kuonekana anacheka katikati ya giza alilotiwa. Kicheko hicho kinatisha kidogo, kwa sababu kinakaribia sana vikaragosi vya dhihaka ambavyo magazeti na matangazo ya Marekani yalivichapisha kwa miaka mingi.

Kama Marshall angeishia hapo, angekuwa mchoraji wa kitendawili kimoja. Alichofanya baadaye ni kuigawa nyeusi. Duka la vifaa vya uchoraji huuza nyeusi za aina kadhaa: ipo ya mifupa iliyochomwa, ipo ya masizi, ipo ya chuma. Kila moja ina tabia yake. Marshall huzitumia zote na kuzichanganya na buluu, kijani au rangi nyingine, hivyo nyeusi moja ikawa baridi, nyingine ikawa na joto. Nywele, shavu, shingo na mkono vyote ni vyeusi, lakini havifanani. Mtazamaji aliye mbali huona umbo moja lililojaa. Akisogea huona kwamba alikuwa ameangalia bila kuona. Inafaa kusisitiza kwamba Marshall hakuzipunguza ngozi hizo ziwe za kahawia ili zipendeze. Watu halisi si weusi kiasi hicho, naye anajua. Neno ambalo jamii ililitumia kwa mafumbo amelichukua kwa maana yake ya msingi, na kulijaza.

Mwaka wa 1993 alichora duka la kinyozi katika picha kubwa yenye upana wa karibu mita tatu. Wanaume wamekaa na kusimama, mitindo yao ya nywele ikiwa ya fahari kupita kiasi, na nyuma ya kichwa cha kinyozi kuna mduara wa nuru kama wa watakatifu. Jina la picha, De Style, linachezea jina la kundi la wachoraji wa Uholanzi waliopenda nyekundu, manjano na buluu tupu. Rangi hizo zimo dukani humo, juu ya kabati na nguo. Kwa namna hiyo kinyozi wa mtaani ameingizwa katika historia ya uchoraji bila kuomba ruhusa. Mwaka wa 2018 picha yake nyingine, inayowaonyesha watu weusi wakiburudika kando ya ziwa, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 21. Bei si kipimo cha sanaa, lakini katika mjadala kuhusu nani anastahili kuonekana, nayo ina lake la kusema.

Amy Sherald, aliyezaliwa Georgia mwaka wa 1973, amelijibu swali lilo hilo kwa kuiondoa rangi. Ngozi za watu wake wote ni za kijivu, huku nguo zao na ukuta wa nyuma ukiwaka kwa rangi. Picha yake ya Michelle Obama ilipozinduliwa Washington mwezi wa Februari 2018, baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba mke wa rais wa kwanza mweusi amenyang'anywa weusi wake. Malalamiko hayo yanaeleweka, ila yanasahau kwamba kijivu hicho ni cha picha za zamani za familia, zile za kabla ya filamu ya rangi, ambamo watu weusi walijipiga picha walivyotaka waonekane. Sherald anauliza mtu huonekanaje anapotazamwa kabla ya kuainishwa kwa rangi. Marshall anauliza anaonekanaje akiainishwa mpaka mwisho. Majibu yao hayapatani, na haifai kuyalazimisha yapatane.

Nyekundu, nyeusi na kijani

Mnamo 1900 ulivuma Marekani wimbo wa dhihaka uliodai kwamba kila taifa la watu lina bendera isipokuwa watu weusi. Miaka ishirini baadaye, mwezi wa Agosti 1920, mkutano wa chama cha UNIA kilichoongozwa na Marcus Garvey, Mjamaika aliyekuwa akiishi New York, ulitangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu weusi wote ulimwenguni. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba nyekundu ni damu, nyeusi ni ngozi, kijani ni mimea ya nchi ya asili. Hata hivyo, katika mahojiano ya mwaka huohuo Garvey alinukuliwa akisema kwamba nyekundu inaonyesha kuwaunga mkono wanamapinduzi wekundu wa dunia, na kijani kuwaunga mkono Waairishi waliokuwa wakipigania uhuru wao. Mwenye bendera mwenyewe aliifasiri kwa njia mbili. Mwanafunzi anayedai tafsiri moja ya kudumu ana madai makubwa kuliko ya Garvey.

Msomaji wa Kenya hataacha kuiona bendera yake hapa, kwa kuwa ile iliyopandishwa Desemba 1963, iliyotokana na bendera ya KANU, ina rangi hizo tatu. Kufanana peke yake si ushahidi wa kuazima. Kinachovutia zaidi ni michirizi miyeupe iliyoongezwa kati ya rangi hizo, ambayo kila mtoto wa shule huisoma kuwa amani. Huko Haiti, mapokeo yasema kwamba mwezi wa Mei 1803 Jean-Jacques Dessalines aliichana nyeupe kutoka katika bendera ya Ufaransa, na Catherine Flon akaziunga kwa sindano buluu na nyekundu zilizobaki. Nyeupe iliyotupwa ilikuwa ya mabwana. Nchi moja ilizaliwa kwa kuiondoa nyeupe, nyingine kwa kuitia, na zote mbili zilikuwa na sababu.

Wasanii wa baadaye walizitumia rangi za Garvey kama vazi la kuvisha bendera za wengine. David Hammons aliitengeneza upya bendera ya Marekani mwaka wa 1990 kwa ajili ya maonyesho ya Amsterdam: milia ni nyekundu na nyeusi, nyota nyeusi zimekaa juu ya kijani. Chris Ofili, Mwingereza mwenye wazazi wa Nigeria, aliifanyia bendera ya Uingereza vivyo hivyo mwaka wa 2003, alipoiwakilisha nchi hiyo Venice. Umbo ni la taifa lililowatawala, rangi ni za waliotawaliwa. Katika kazi hizi hakuna kilichochorwa; maana yote imebebwa na ubadilishanaji wa rangi.

Buluu ya nili

Nili ni buluu yenye historia ya jasho. Katika karne ya 18 mashamba ya South Carolina yaliizalisha kwa wingi, hasa baada ya bunge la Uingereza kuanza kuitolea ruzuku mnamo 1748. Kufikia 1775 ratili zaidi ya milioni moja zilisafirishwa kwa mwaka. Kazi ilifanywa na watumwa, na baadhi yao walitoka katika sehemu za Afrika Magharibi ambako utiaji wa nili ulikuwa ufundi wa kale. Majani yaliloweshwa mapipani mpaka yakachacha, maji yakapigwapigwa, yakatiwa chokaa, kisha tope la buluu likaachwa litulie. Uvundo wake ulikuwa mkali na nzi walijazana, hata mapipa yakawekwa mbali na nyumba za mabwana.

Wazawa wa watumwa hao katika visiwa vya pwani hiyo, Wagullah, wana desturi ya kupaka buluu milango, madirisha na dari za baraza. Kwa mapokeo yao, rangi hiyo huwazuia pepo wasiingie, kwa kuwa huidhani kuwa maji na hawawezi kuyavuka. Kilichokuwa alama ya utumwa kimegeuzwa kinga ya nyumba. Filamu ya Julie Dash ya mwaka wa 1991, inayohusu familia moja ya visiwa hivyo mnamo 1902 ikijiandaa kuhamia kaskazini, humwonyesha bibi mzee mwenye mikono iliyokolea buluu. Kiuhalisia, doa la nili halidumu mwilini kwa miaka hamsini. Dash aliamua lidumu, kwa sababu makovu ya mijeledi yalikwisha kuzoeleka machoni pa watazamaji, na alihitaji alama ambayo hawakuwahi kuiona. Mbunifu wa mandhari katika filamu hiyo alikuwa Kerry James Marshall yuleyule.

Leso ya Lubaina Himid

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1954, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga baada ya kufiwa na baba yake. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka wa 2017 alishinda Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika kazi zake imo michoro mingi yenye umbo la leso, na msomaji wa Kiswahili ana faida ya kuisoma kuliko mhakiki wa London, kwa sababu ameishi na leso tangu kubebwa mgongoni.

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Rangi zake hazisomwi peke yake. Kisutu, pamoja na nyekundu, nyeusi na nyeupe yake, kina heshima ya arusi. Lakini leso yoyote yenye jina la kuchoma, ikivaliwa mbele ya jirani aliyekusudiwa, hugeuza rangi zake kuwa ugomvi. Doti hiyohiyo ikikatwa na kugawanywa kati ya mtu na shogaye, rangi hizohizo huwa mapenzi. Maana hutegemea jina, mvaaji, mpokeaji na siku.

Himid ameuhamishia utaratibu huu Uingereza. Katika maonyesho yake ya mwaka wa 2018 huko Gateshead, alitundika vitambaa vikubwa vyenye mpangilio wa leso, kila kimoja kikiwa na rangi nzito na maneno machache kutoka kwa waandishi weusi, miongoni mwao James Baldwin na Audre Lorde. Majina ya leso yalikuwa sasa ya Kiingereza, na ya watu ambao hawakuwahi kuivaa. Vitambaa vilining'inizwa kwa kamba zilizopita katika kapi, kama bendera, na watazamaji waliruhusiwa kuzivuta. Nyekundu iliyokuwa juu ya manjano asubuhi iliweza kuwa chini ya buluu kufikia jioni, na maneno yaliyokuwa yakitazamana yakawa yamepeana mgongo.